Waifai ya mtaa: spidi ipo, foleni ndiyo inayotuangusha. Na vocha si kufuli

MwenyeMnara

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, anayekwenda kulala alale, ataukuta asubuhi.

Nina hotspoti ya mtaa hapa Ngamiani, Tanga. Anteni moja juu ya bati la nyumba ya mama, ruta ndogo ya MikroTik sebuleni, na vifaa viwili vya kurusha waifai: kimoja kinaelekea kijiwe cha bodaboda, kingine nyumba za wapangaji nyuma. Laini ninayonunua ni ya redio, Mbps 20 za kushuka na 5 za kupanda. Vocha ya siku nzima ni shilingi 500. Mchana wanaingia watu watatu au wanne. Kuanzia saa moja jioni wanafika thelathini.

Kwa miezi minne kila siku saa mbili usiku mtandao ulikuwa unakufa. Haukatiki, unakufa: alama ya waifai imejaa, ukurasa hauji, simu ya WhatsApp inasema inaunganisha, inaunganisha. Wateja wakanigongea mlango. Mimi nikampigia aliyeniuzia laini, akaja na mashine yake, akapima Mbps 20 kamili, akaondoka. Nikampigia tena. Nimemsumbua yule kijana bure, na nilishamwomba radhi.

Kilichonifungua macho ni harusi. Jumapili moja kulikuwa na harusi nyumba ya tatu kutoka kwangu, mtaa mzima umepiga picha na video. Jumatatu jioni mtandao ukafa saa kumi na mbili badala ya saa mbili. Nikakaa mbele ya ruta na daftari, nikaanza kupingi 8.8.8.8, yaani kutuma kijiujumbe kwa seva ya Google na kupima kinarudi baada ya milisekunde ngapi, huku nikiangalia nani anatumia nini. Kushuka ilikuwa Mbps 6 tu, yaani laini ina nafasi kubwa. Kupanda imegota kwenye 5, haipungui hata kidogo. Na pingi, ambayo asubuhi huwa 35, imefika 1,400. Sekunde moja na nusu karibu, kwenda na kurudi.

Simu zilikuwa zinapandisha picha za harusi Google Photos. Hakuna aliyeziamuru usiku ule. Simu ikiona waifai inadhani imefika nyumbani kwa mtu mwenye mtandao wa bure, inafungua kila kitu ilichokuwa imekibania kwa kuogopa bando: picha zipande, programu zijiapdeti, WhatsApp ishushe video za makundi yote. Mwenye simu amekaa anasoma gazeti, hajui kwamba mfukoni mwake kuna mtu anabeba magunia.

Kwa nini kupanda kukijaa kushuka nako kunakufa? Kwa sababu kila unachoshusha, simu yako lazima irudishe vijibu vidogo vya "nimepokea, lete kingine". Vijibu hivyo vinapita njia ya kupanda. Njia ikijaa picha za harusi, vijibu vinasubiri nyuma ya picha.

Fikirieni bomba la maji la mtaani. Mama mmoja kaja na ndoo kumi, nyuma yake mtoto na kikombe. Maji yanatoka vizuri, presha ipo. Lakini mtoto atasimama pale hadi ndoo kumi zijae. Ukiongeza presha, mwenye ndoo kumi kesho analeta ishirini. Dawa ni kumruhusu mwenye kikombe akinge kati ya ndoo na ndoo. Mwenye ndoo hata hatahisi.

Hilo tatizo wataalamu walilitambua zamani. Jim Gettys ndiye aliyelipigia kelele miaka ya 2010 na 2011 na kulipa jina la bufferbloat: vifaa vya mtandao vimewekewa akiba kubwa mno ya kusubirishia mizigo, foleni inakuwa ndefu kuliko faida. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa CoDel, njia ya kuipunguza foleni kwa kuangalia mzigo umesubiri muda gani. Kutokana na hapo ikaja fq_codel, ambayo inafanya hasa ule mchezo wa kikombe na ndoo, halafu ikaja CAKE, inayogawa pia kwa kuangalia kila kifaa. Zote mbili zimo kwenye RouterOS 7, programu inayoendesha ruta za MikroTik, bila kulipia hata senti. Marehemu Dave Täht, aliyefariki mwaka 2025, alitumia miaka mingi ya maisha yake kuhakikisha hii kitu inawafikia watu wenye laini ndogo kama sisi. Mimi sikuwahi kumfahamu, ila kila jioni ninatumia kazi yake, na ningependa jina lake litajwe Ngamiani.

Nilichofanya: nimeweka foleni moja ya CAKE kwa mtandao wote wa ndani, kikomo 4500k (Mbps 4.5) kupanda na 18M (Mbps 18) kushuka. Nimeacha asilimia kumi makusudi. Ukiweka 20 kamili, foleni inajijenga kwenye kifaa cha aliyekuuzia laini, ambacho huna mamlaka nacho. Ukiweka 18, foleni inakaa kwenye ruta yako, na wewe ndiye unayepanga nani akinge.

Pingi saa mbili usiku sasa: 45 hadi 60. Watu walewale thelathini, laini ileile.

Nauliza wenzangu wanaoendesha hizi za mitaani: mnagawaje? Na upande wa usalama nina maswali pia, nitayaleta.

Mama Maandazi

Mwanangu mimi ni mteja wako, nimeletewa huu uzi na binti yangu. Ya bomba nimeielewa, hayo mengine mtajua wenyewe. Swali langu ni moja. Dada yangu yuko Likoni, Mombasa. Kumpigia kwa salio ni gharama, ndiyo maana nanunua vocha yako. Sauti ilikuwa inakwenda na kurudi kama tuko kisimani. Wiki hii ni nafuu lakini Jumanne usiku ilikatika tena mara mbili. Kwa nini Jumanne?

FundiWaya

Mkuu MwenyeMnara, kazi nzuri, ila mimi sikubaliani nawe kwenye kugawa. Nafunga hizi mitambo Muheza na Korogwe. Kila mteja nampa 1M kwenye profaili ya hotspoti, basi. Anajua alicholipia. Ukiwaachia wote wagombanie, mwenye simu mpya atawala wengine.

MwenyeMnara

Fundi, nilianza hivyohivyo, nikaacha, na nitakwambia kwa hesabu. Saa sita mchana kwangu wapo watatu. Kila mmoja ana 1M, jumla 3, na 15 zimelala tu wakati kijana wa chuo anahangaika kushusha hotuba ya mwalimu wake. Saa mbili usiku wapo thelathini, 1M mara thelathini ni 30, na mimi nina 18. Kwa hiyo mchana unawanyima bila sababu, na usiku foleni inarudi palepale. Kikomo cha mtu mmoja hakimlindi mtu wa pili.

CAKE ikigawa kwa kifaa, watu watatu mchana kila mmoja anaweza kupata 6. Usiku wakiwa thelathini na wote wanavuta kwa wakati mmoja, kila mmoja anapata kama 0.6. Video ya YouTube ya 360p inahitaji kama 0.7, kwa hiyo inakaribia, na kwa kweli si wote wanaovuta kwa sekunde moja. Simu ya WhatsApp ya sauti haifiki hata Kbps 100. Hiyo inapita muda wote, ndicho kikombe chenyewe. Ila wewe una kitu sahihi: nimeweka kifaa kimoja kisizidi 8, asije mtu akazoea 18 za saa tisa usiku halafu akanidai mchana.

Mama, shikamoo. Suala la Jumanne nilipekua daftari. Ni Jumanne ya pili ya mwezi. Microsoft hutoa masahihisho ya Windows kila Jumanne ya pili, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa mbili usiku, au saa tatu wakati wao wamerudisha saa nyuma kwa majira ya baridi. Hapa kuna wapangaji wanachuo na laptopu kama tisa. Zote zikaanza kushusha mzigo saa ambayo wewe unaongea na dada. Bado sijajua kwa nini foleni haikukuokoa siku ile, natafuta.

FundiWaya

Nimejua. Angalia kwenye faya-wo yako kama FastTrack iko wazi. Ruta nyingi za MikroTik zinakuja nayo. FastTrack inapitisha mzigo njia ya mkato ili prosesa isichoke, na mzigo huo haupiti kwenye foleni zako. Unadhani unapanga watu kumbe nusu yao wamepita mlango wa nyuma. Nimeliona hilo kwa wateja zaidi ya watano.

Na kama bado una kikomo kwenye profaili ya hotspoti, kila anayeingia anaundiwa foleni yake binafsi juu ya ile yako. Ondoa kikomo hapo, halafu foleni yako iweke juu kabisa ya orodha.

MwenyeMnara

Fundi, Mungu akulipe. FastTrack ilikuwa wazi. Nilirudisha mipangilio ya kiwandani wiki iliyopita nikasahau. Nimeizima sasa hivi nikiwa naandika.

Mwanachuo_B12

Mimi ni mmoja wa hizo laptopu tisa, samahani mama yangu. Sikujua. Nifanye nini? Sitaki kuzima kuapdeti kabisa maana mwalimu wetu anasema ndiyo njia rahisi ya kuibiwa.

MwenyeMnara

Usizime, mdogo wangu, mwalimu wako yuko sahihi. Kwenye Windows ingia mipangilio ya waifai yangu, weka alama kwamba huu ni mtandao unaopimwa. Itasubiri uiruhusu. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri mtandao wote ni wako, iruhusu hapo.

Upande wa simu kuna jambo nililigundua ambalo nadhani wengi hawalijui, na naliandika hapa kwa ajili ya wenye hotspoti. Android ikiunganishwa na hotspoti ya simu nyingine, inajua yenyewe kwamba ule mtandao unapimwa, haianzi kubeba magunia. Inajuaje? Ile simu inayotoa hotspoti, wakati inampa mgeni anwani, inampa na neno ANDROID_METERED ndani ya DHCP, ile njia ya kugawa anwani, chaguo namba 43. Ruta yako nayo inaweza kulitoa neno hilohilo. Kwenye MikroTik unatengeneza chaguo la DHCP, msimbo 43, thamani 'ANDROID_METERED', unalibandika kwenye mtandao wa hotspoti. Mteja akitaka kushusha kitu kikubwa atashusha, simu itamwuliza kwanza. Picha za harusi zitasubiri.

Tangu niliweke, kupanda usiku kumeshuka kutoka 5 iliyogota hadi kati ya 1 na 2. Nimewatangazia wateja kwa karatasi ukutani, maana nisingependa mtu apoteze picha akidhani zimeshapanda Google kumbe bado. iPhone haisomi hilo neno. Kule mwenye simu awashe mwenyewe hali ya kutumia data kidogo.

Kisauni_Net

Salamu kutoka Mombasa. Hapa kwetu tuna shida hiyohiyo, na mimi nilipoteza pesa nyingi kununua seva ya kuhifadhi kurasa, ile Squid, nikidhani mtu wa kwanza akifungua video wa pili ataipata hapahapa. Miaka ya nyuma ilifanya kazi. Siku hizi karibu kila kitu kimefungwa kwa HTTPS, kufuli kati ya simu na tovuti, seva haioni ndani, haihifadhi chochote. Msinunue, ndugu zangu wa Tanga. Pesa hiyo nunueni betri au anteni.

Jambo la pili, angalieni hewa kabla ya laini. Kwenye 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizokanyagana: 1, 6 na 11. Kama una vifaa viwili vyote viko chaneli 6, vinasubiriana. Na mteja aliye mbali, aliyeshika mtandao kwa alama moja, anaongea polepole, na wakati anaongea wengine wote wamenyamaza. Mmoja kama huyo anaweza kuharibia kijiwe kizima. Zima zile spidi za kizamani za 1 na 2 Mbps kwenye kifaa cha kurusha.

Mwalimu_wa_Hesabu

Wanangu, mmeongea ya foleni vizuri. Mimi nina swali ambalo nimekuwa nalo tangu niweke vocha ya kwanza. Ninapotumia waifai ya jirani yangu, je, jirani yangu anaona ninachosoma? Nauliza kwa wema, MwenyeMnara, nawe ni mtoto wa hapahapa.

MwenyeMnara

Mwalimu, shikamoo. Hili ndilo nililotaka kulileta.

Mwezi wa tano alikuja kwangu mzee mmoja ninayemheshimu sana, tumesali naye msikiti mmoja tangu nikiwa mdogo. Akakaa, akanywa chai, halafu akaniambia anataka nimwonyeshe mkewe anaingia wapi kwenye simu. Akaweka shilingi 20,000 juu ya meza. Nikamwambia, mzee wangu, hizi pesa zirudishe mfukoni, na hili neno tulizike hapahapa. Hakuongea nami wiki mbili.

Sasa ukweli, Mwalimu. Ningeweza kumwambia kidogo. Ukifungua ukurasa wenye HTTPS, sioni unachoandika, sioni nywila yako, sioni ujumbe wako wa WhatsApp, sioni picha. Lakini naona jina la tovuti. Naona kifaa fulani saa fulani kiliuliza anwani ya benki fulani, au ya hospitali fulani, au ya tovuti ya mambo ya talaka. Jina peke yake linatosha kumuumiza mtu.

Siku ile nilizima kumbukumbu za DNS, yaani za yale maswali ya majina ya tovuti, kwenye ruta. Ninabaki na namba ya vocha, saa ya kuingia, saa ya kutoka na anwani ya ndani, nazo ninazifuta baada ya muda nilioubandika ukutani. Sitaki kuwa na kitu ambacho mtu akija na pesa, au mwizi akiiba ruta, atakikuta.

Na wewe kwa upande wako, kama simu yako ni Android 9 au zaidi, kuna sehemu ya DNS ya faragha. Iwashe. Hapo yale maswali ya majina nayo yanafungwa, ingawa jina la tovuti bado linaweza kuchungulia pale muunganisho unapoanza. Kufungwa kabisa hakupo, lakini mlango wenye komeo mbili ni tofauti na mlango wazi.

Mdau_wa_Sheria

Naongezea hapo kwa mkuu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Jina la mteja, namba yake ya simu, na kumbukumbu za alikoingia ni taarifa binafsi. Kijana anayeuza vocha kwa daftari lenye majina na namba, daftari likalala mezani kila mtu anapekua, ana jambo la kujibu. Mwenye kutaka taarifa za mteja aje kwa njia ya kisheria, asije na chai.

Na tukiwa hapo: kuuza huduma ya mtandao kwa umma kunahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010. Pia someni mkataba wa laini zenu, vifurushi vingi vya nyumbani vinakataza kuuza tena. MwenyeMnara sijakulenga wewe, naandika kwa wanaosoma wakitaka kuanza.

MwenyeMnara

Haki yako kusema, ndugu. Mimi laini yangu ni ya biashara na nafuata taratibu za leseni. Anayeanza aanze huko, asianze na anteni.

Mwanachuo_B12

Wakuu, sasa si bora kila mtu atumie VPN tu, ile inayopitisha kila kitu kwa siri kwenye seva ya mbali? Nina ya bure kwenye simu.

FundiWaya

Dogo, ya bure nani anailipia seva? Unamkimbia MwenyeMnara unayemjua nyumbani kwao, unampelekea mtu usiyemjua hata nchi yake majina ya tovuti zako zote. Isitoshe Oktoba 2023 TCRA walitoa tangazo kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa kwao. Ukiwa na ya chuo au ya kazini, halali, hewala. Hizi za bure kwenye simu, nyingine zinajaza matangazo, zinakula mtandao wako na wa wenzako.

Mwalimu_wa_Hesabu

Nashukuru kwa jibu la kweli, mwanangu. Na hiyo vocha, si ndiyo inayotulinda na wezi wengine?

MwenyeMnara

Hapana, Mwalimu, na hapa ndipo watu wengi wanaangukia. Vocha ni tiketi ya kuingilia. Haifungi chochote. Hotspoti iliyo wazi, isiyo na nywila ya waifai, kila unachotuma kinaelea hewani, na aliye karibu na laptopu anaweza kukinasa. Kilichokuokoa ni HTTPS ya tovuti yenyewe. Oktoba 2010 kijana anaitwa Eric Butler alitoa kijiprogramu cha Firefox kinaitwa Firesheep: ukikaa mgahawani kwenye waifai ya wazi, unaona orodha ya watu waliomo Facebook, unabofya jina, umeingia kwenye akaunti yake. Alifanya hivyo ili kampuni kubwa zione aibu zifunge kurasa zao zote, na taratibu zikafunga. Ndiyo sababu leo tunaponea. Lakini simu ikikuonya kwamba cheti cha tovuti si sahihi, usibofye "endelea" hata kama una haraka. Rudi nyuma.

Mimi, zaidi ya vocha, nimeweka nywila ya waifai, imeandikwa ukutani. Nakiri haitoshi: kwa WPA2, kufuli la waifai lililozoeleka, anayeijua nywila ile na akakunasa wakati unaunganisha, bado anaweza kufungua. WPA3, iliyokuja 2018, inampa kila mtu ufunguo wake hata kama nywila ni moja. Nimewasha zote mbili kwa pamoja, maana nusu ya simu za kijiweni hazijui WPA3.

FundiWaya

Msisahau kuwatenganisha wateja. Kifaa cha kurusha kina sehemu ya kuzuia simu moja isiongee na nyingine. Bila hiyo, mwanachuo aliyefungua folda kwenye laptopu yake ameifungulia Ngamiani yote. Na ukiwa na vifaa viwili kama MwenyeMnara, kukizuia kila kimoja hakutoshi, kwa sababu aliye kijiweni bado anamfikia aliye nyuma kupitia ruta. Kwenye daraja la MikroTik weka horizon namba moja kwenye milango yote miwili, hapo hawaonani.

Na ruta yenyewe ijiapdeti! Aprili 2018 MikroTik walitoa sahihisho la tundu kwenye Winbox, programu ya kuisimamia ruta. Miezi michache baadaye zaidi ya ruta laki moja, nyingi zikianzia Brazil, zilikutwa zinawapachikia wateja kijiprogramu cha kuchimba sarafu za kidijitali kwenye kurasa walizofungua. Sahihisho lilikuwapo muda wote, wenye ruta hawakuliweka. Badilisha nywila, na mlango 8291 wa hiyo Winbox ufunge kwa watu wa nje.

Mama Maandazi

Nami nina la kusema. Wiki jana kijiweni nimeona waifai mbili zenye jina moja la mwanangu huyu. Moja ilinifungulia ukurasa ukaniomba namba ya simu na namba ya siri ya pesa za simu, eti nilipie vocha. Binti akaninyang'anya simu.

MwenyeMnara

Mama, mshike mkono huyo binti, umpe na maandazi mawili kwa niaba yangu.

Wakuu wote mnaosoma: huyo ni mtu amewasha hotspoti akaipa jina langu. Simu haijui tofauti, inafuata jina. Nimeenda kijiweni jioni ile, sijamkuta, jina limeshapotea. Kwa hiyo nimebandika tangazo jipya, herufi kubwa: UKURASA WANGU UNAOMBA NAMBA YA VOCHA TU. Vocha inanunuliwa kwa mkono, dukani. Namba ya siri ya pesa huwekwa kwenye ile menyu ya nyota unayopiga wewe mwenyewe, ambayo inapita kwenye laini ya simu, haipiti waifai hata kidogo. Ukurasa wowote wa waifai unaoiomba ni wa mwizi, hata kama una picha ya nyumba ya mama yangu.

Kama kuna mtu aliweka namba yake pale, abadilishe leo, halafu aje kwangu au aende kwa wakala. Asione haya.

Kisauni_Net

Huku pia tumewahi kuipata hiyo. Dawa iliyosaidia ni ndogo: nywila ya waifai. Mwizi akiiga jina bila nywila, simu nyingi hazijiungi zenyewe kwa sababu zimezoea jina lile likiwa limefungwa. Ila kwa kuwa nywila yako iko ukutani, anaweza kuisoma, basi ibadilishe kila wiki na uiandike nyuma ya vocha.

Swali lingine: simu mpya zinabadilisha anwani zao za MAC, zile namba za kutambulisha kifaa, wateja wangu wanalia vocha imekatika kabla ya muda. Kwenu?

MwenyeMnara

Kwangu pia. Android 10 na iOS 14 kwenda juu zinatumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao, na baadhi huibadilisha. Ni ulinzi mzuri kwao, sitaki kuwaambia wauzime. Nimeacha kufunga vocha kwenye MAC, naifunga kwenye namba ya vocha: kifaa kimoja kwa wakati mmoja, ukitoka unaingia tena kwa namba ileile hadi saa 24 ziishe. Imepunguza na wale waliokuwa wanaiga MAC ya mwenzao aliyelipa.

Ya nywila nyuma ya vocha nimeichukua. Naanza Jumamosi.

Mama Maandazi

Wiki kadhaa zimepita tangu niulize ya Jumanne. Jana usiku nimeongea na Likoni dakika arobaini. Tumepanga na safari ya Idi. Haikukatika.

MwenyeMnara

Alhamdulillahi. Ila jana haikuwa ile Jumanne yenyewe, mama. Inakuja wiki ijayo. FastTrack imezimwa, laptopu sita kati ya tisa zimeshawekwa alama, tatu wenyewe wamesafiri. Saa mbili usiku nitakuwa sebuleni na daftari, namba nitazileta hapa.